Shofaji Iliyoua Batoto ba Kuku

Mwaka wa 1973, niko na miaka kumi na moja, papa yangu alikufa na masomo yangu ikaishia pale. Nilibeba mizigo ya batu ku soko, nikauza chumvi, nikauza mbuzi, mpaka nikanunua gari. Hapana mutu alinisaidia. Donc siku gari ile inanichezea, ninakasirika kama mutu anayeibiwa ndani ya nyumba yake.

Ni kamionete, gari ndogo ya mizigo. Ninabeba batoto ba kuku: ninabatwaa Mavivi, kwa mutu mwenye mashini ya kuangua mayai, ninapita Butembo, ninabafikisha Lubero kwa bamama benye kufuga. Mutoto wa kuku wa siku moja hawezi baridi, na baridi ya Lubero munaijua. Basi ninaweka makatoni mu kabine, karibu na mimi, ninafungulia shofaji, ile inapuliza hewa ya moto ndani ya gari.

Tangu nianze kazi hii, shofaji ile ilikuwa inapuliza moto, kisha baridi, kisha moto tena. Safari moja nilifika Lubero, nusu ya batoto ba kuku bamekufa. Mwenye kununua, mama mujane anayelisha batoto bake kwa kazi ya kuku, hakupiga kelele. Alifunga katoni polepole, akasema: "Papa, ukiniletea tena benye kufa, usishuke hata mu gari. Geuka tu."

Maneno ile ilinichoma. Fundi wangu wa Bulengera akabadilisha vantilatere, ile feni ya kupuliza hewa. Bado. Akasafisha radiatere ndogo ya shofaji, ile inapitisha maji ya moto ya motere. Bado. Nikaenda kwa fundi wa Beni. Yeye akawasha motere, akaiacha ingurume pale mu jua la Beni, akaweka mukono: moto. Akacheka, akasema labda ni muzee ndiye anasikia baridi, si gari. Nilikaribia kumupiga na ufunguo ya magurudumu.

Nikaacha mafundi, nikaangalia mimi mwenyewe. Kupanda mulima, inapuliza moto. Kushuka tu, baridi, na mushale wa joto ku tablo unaanguka. Mais basi haikuwa shofaji! Ni motere ndiyo ilikuwa inapoa. Nikafunga kipande cha katoni mbele ya radiatere kubwa, upepo usiingie. Moto ikabaki, hata mu kushuka.

Nikarudi Bulengera, nikamuuliza fundi kama termosta iko, kile kifuniko kinachozuia maji ya motere yasiende ku radiatere kubwa mpaka motere ipate moto. Akaniangalia kama mutu anayeulizwa kama anaogaka.

"Ile niliitoa siku uliponunua gari, papa. Hapa tunazitoaka zote, motere isichemke ku mulima."

"Na wakati huu wote unanibadilishia vantilatere?"

"Hukuuliza termosta. Uliniambia shofaji."

Akakataa kuirudisha, ati motere itaungua na nitakuja kumulalamikia. Nikamwambia motere ni yangu, na ikiungua itaungua yangu. Akaweka ingine akinung'unika. Mpaka leo haijaungua, na mpaka leo anazitoa kwa gari za batu bengine. Nikimuona, hasira inanipanda.

Safari iliyofuata, yule mama alitoka akanikuta mu gari, sijashuka. Alisikia makelele ya batoto ba kuku kabla ya kufungua katoni. Hakusema asante. Aliuliza tu nitaleta bengine lini.

Leo niko na nyumba ya matofali Butembo, shamba ya kahawa, ng'ombe mbili, kamionete, na kazi ya kupeleka kuku Lubero.