Miguu ya Berta Tanuri

Kwa karibu miaka ishirini Kaz Wrobel wa Cleveland alimchora Berta Tanuri, shujaa wa vitabu vyake vya katuni, kila siku ya Mungu, na kwa muda wote huo hakuna msomaji aliyeiona miguu ya Berta. Kwenye kitabu cha kwanza kulikuwa na moshi. Cha pili, theluji. Baadaye yakaja majani marefu, mafuriko, vumbi, hata mbwa aliyekatiza mbele bila sababu yoyote ya maana. Mtu mzima huyu, fundi wa kalamu na wino, anakuchorea tanuri la kuyeyushia chuma mpaka unasikia joto, lakini ukishuka chini ya magoti, wingu.

Wasomaji walishazoea. Kwenye maonyesho ya katuni vijana walimfuata mezani kumtania, "Mzee Kaz, leo umeificha wapi?" Naye alicheka na kusema miguu ilimshinda tangu shuleni. Watu waliamini. Hata Delphine Mayhew aliamini, na Delphine ndiye aliyekuwa akizitunga hadithi zenyewe, tena alikuwa mwanamke aliyewahi kufundisha watoto watundu, si wa kudanganywa ovyo.

Berta alikuwa mama wa makamo, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, aliyewatwanga majambazi kwa koleo. Kidevu mbele, mkono kiunoni, nyonga moja imepanda. Nyonga hiyo ndiyo watu waliyoipenda. Mama anasimama hivyo, na jambazi anaanza kufikiria habari za kurudi kwao.

Basi ikafika miaka ile ya tisini ambapo kila mchora katuni aligeuka muuza wanasesere. Kampuni moja kubwa ikaja kumtaka Berta. Iliomba tu apunguzwe miaka, apunguzwe kiuno na aongezwe nywele. Delphine aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akawaonyesha mlango.

"Tutamtengeneza wenyewe," akamwambia Kaz.

"Mimi na wewe? Mimi hata rafu ukutani sijui kupigilia."

"Wenzetu wanatengeneza. Wana kichwa gani cha kutushinda?"

Wakampata Irv Lansky, fundi wa meno bandia, ambaye jioni alichonga sanamu za nta kwa raha zake. Lansky alitaka michoro mitatu: mbele, ubavuni na nyuma, kuanzia utosini hadi kwenye kidole cha mwisho. Bila hiyo hashiki kisu. Kaz akazungukazunguka, akasingizia mafua, kisha akachora kwa haraka viatu vya kazi, jozi ya kawaida kabisa, na kuipeleka huku akitazama pembeni.

Lansky akachonga. Berta akatoka mzuri ajabu, kidevu chake, nyonga yake, mkunjo wa ovaroli mgongoni. Wakamsimamisha mezani. Akaanguka. Wakamsimamisha tena, akaanguka kifudifudi kwenye sahani ya biskuti.

"Maonyesho ya Chicago ni mwezi ujao," Delphine akasema. "Nani atanunua shujaa anayelala?"

"Msinitazame mimi," Lansky akajibu. "Nimechonga kilichochorwa. Tena nimepitia vitabu vyote, nikapima. Goti la kushoto liko juu kila ukurasa. Mama wa watu ana mguu mfupi, bwana. Umemchora hivyo miaka yote, hujui?"

Kichwa cha Kaz hakikujua. Mkono wake ulijua.

"Si kitu," Lansky akaendelea. "Nipeni siku moja nimnyooshe nyonga, atasimama kama askari."

"Hapana," Kaz akasema, kwa sauti ambayo Delphine hakuwahi kuisikia kwake. "Nyonga haiguswi. Huyo ni mama yangu."

Ndipo akaeleza. Mama yake, Halina, alipata polio akiwa mtoto. Mguu wa kushoto ukabaki mfupi, na tangu hapo huvaa kiatu chenye soli nene kama tofali. Kaz alipoanza kumchora Berta alimchora mama yake bila hata kukusudia, na alipofika chini, akaona haya. Akaweka moshi. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Na Halina alikuwa hai, ana nguvu zake, anasoma kila kitabu siku kinapotoka, na hakuwahi kuuliza neno.

"Kwa hiyo Berta anahitaji kile kiatu," Delphine akasema.

"Sikijui kilivyo. Sijawahi kukitazama vizuri. Na nikimwomba nikione, ndiyo nimeshamwambia kwa nini sikukichora."

Delphine alimtazama kwa huruma, lakini huruma yake haikuwa ya kubembeleza. "Mficha uchi hazai, Kaz. Nenda kwa mama yako."

Jumamosi akaenda. Halina alikuwa jikoni, akamwekea pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, za viazi na kitunguu, akaketi kumwangalia.

"Kula, Kaziu. Una sura ya mtu aliyegonga gari la padri."

"Mama, tunamtengeneza Berta. Mwanasesere."

"Najua. Delphine ana sauti kubwa akikupigia simu hapa. Vipi, ametoka mzuri?"

"Mzuri. Lakini anaanguka."

"Mmemvalisha nini?"

"Viatu vya kawaida."

Halina akaikunja leso ya mezani, akaikunjua, akaikunja tena. "Siku ile uliponiletea kitabu cha kwanza," akasema, "nilijua ni mimi. Kidevu hicho ni cha kwetu. Nikafurahi, wee! Nikatafuta miguu. Sikuiona. Nikasema, labda kitabu kijacho."

Kaz akaweka uma chini.

"Nilikuwa naona haya, Mama."

"Najua. Ulipokuwa mdogo, tukienda kanisani ulikuwa unapita upande wa pili wa barabara. Ulidhani mimi nina mguu mbovu na macho pia?"

Kaz akalia. Mtu ana mvi mpaka kwenye nyusi, akalia juu ya sahani kama mtoto, na mama yake hakumwambia nyamaza. Alimwacha alie mpaka amalize, kisha akamsogezea kitambaa afute pua.

"Sasa una kalamu, au umekuja kula tu?"

Kaz akapiga magoti sakafuni na daftari lake la kuchorea. Kabla hajaweka mstari wa kwanza, mguu ukavutwa.

"Acha. Si hiki cha jikoni. Ngoja nivae cha Jumapili."

Akapanda ngazi taratibu, akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikuwa ananuka rangi ya viatu. Akaketi, akainua sketi kidogo, akauweka mguu juu ya kiti mbele ya mwanawe. Kaz akachora. Halina akainama na kuitazama karatasi.

"Soli umeipunguza."

"Kidogo tu, Mama. Ipendeze."

"Rudisha," Halina akasema. "Nimetembea na unene wake wote."