Mama Nongwa Nyuma ya Kamera

Jina lake la kuzaliwa wanalijua ndugu zake, mume wake na watu wa benki. Sisi wengine wote tunamwita Mama Nongwa, na yeye mwenyewe akipiga simu husema hivyo hivyo: "Ni mimi, Mama Nongwa, una nafasi?" Nimefanya naye kazi miaka thelathini na kidogo. Mimi ni fundi sauti, mtu wa maiki na vipokea sauti masikioni, kwa hiyo mengi nitakayoyasema hapa niliyasikia kabla sijayaona.

Alianza kazi hospitalini, si kwenye uigizaji. Alikuwa bado binti, karani wa mapokezi, anakaa nyuma ya dirisha dogo la kioo, anaandikisha wagonjwa na kuwaita mmoja mmoja. Siku moja akaja mzee mmoja mwenye kikohozi, akatibiwa, akapewa dawa, lakini hakuondoka. Akarudi kukaa kwenye benchi. Akakaa mpaka saa za chakula. Binti akaanza kuingiwa na wasiwasi, akamuuliza, "Baba, umemaliza kutibiwa. Unamsubiri nani?"

"Nakusikiliza wewe," mzee akasema. "Wengine wanaita majina kama wanafukuza kuku. Wewe unaita kama unamfungulia mtu mlango."

Mzee huyo alikuwa kiongozi wa kikundi cha michezo ya redio, mwigizaji mkongwe ambaye wote tulimwita Mwalimu. Akamwachia karatasi yenye anwani ya studio. Binti alipofika nyumbani na habari hiyo, mama yake alikuwa anakunja nguo. Hata hakuinua kichwa. "Kuigiza? Kwani huko hospitali vituko havitoshi?"

Jumamosi akaja hata hivyo. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja kilichopigiliwa magodoro ukutani, na joto lake usiseme. Mwalimu alimpa nafasi ndogo, mgonjwa anayekata roho taratibu kwa vipindi vitatu. Wiki hiyo bomba la bafuni lilikuwa linakoroma, linaingia kwenye kila nilichorekodi, ikabidi tuite fundi. Akaja kijana mmoja mpole, akalala chini ya sinki nusu saa, akanyanyuka na spana mkononi. Akamsikia binti anazungumza, akaganda.

"Samahani, dada. Wewe ndiye yule mgonjwa wa jana redioni?"

"Ndiye mimi."

"Umepata nafuu?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, ila yeye hakucheka. Aliuliza kwa moyo kabisa. Mwaka uliofuata walioana, na hadi leo huyo ndiye mume wake.

Televisheni zilipoanza kuingia majumbani, akapata nafasi kwenye tamthilia, mama mkwe mwenye kisirani aitwaye Mama Nongwa. Walimwambia ni kazi ya miezi mitatu. Ikawa miaka kumi na moja. Kila wiki alikuwa akimtesa mkwe wake kwa mbinu mpya, na nchi nzima ikamchukia kwa dhati. Sokoni, muuza nyanya mmoja alifunika meza yake kwa kanga. "Umemtilia mkwe wako chumvi kwenye uji, halafu unataka nyanya zangu?" Kijana wake alipotaka kuoa, shangazi wa bibi harusi alimvuta mume wa Mama Nongwa pembeni akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna jiko la pili, bibi harusi asije kupika pamoja na mama mkwe.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mume wake ndiye aliyemsaidia kukariri. Wanakaa jikoni, fundi bomba amevaa miwani, anasoma maneno ya wahusika wengine wote kwa sauti moja, awe mkwe anayelia au polisi anayefoka. "Mama, kwa nini unanichukia hivyo, nimekukosea nini, alama ya mshangao," anasoma, na mke wake anaanguka kwa kicheko.

Uongozaji ulimjia bila yeye kuutafuta. Mwongozaji wetu alikuwa bwana mwenye hasira za karibu, akiudhika anabamiza kofia yake sakafuni. Siku moja ilikuwa zamu ya binti aliyeigiza mkwe. Alitakiwa alie, na machozi hayaji. Mara ya tano, ya sita. Mwongozaji anapiga kelele, "Lia! Unashindwa kulia?" Kofia ikaenda chini. Binti akazidi kukauka kwa woga.

Mama Nongwa akainuka kitini. "Mwongozaji, nipe dakika kumi."

Akamshika binti mkono, akampeleka kwenye sinki la jikoni mle mle kwenye seti. Nilikuwa na maiki juu yao, nikasikia yote.

"Nani kakuambia ulie?"

"Skripti, mama."

"Achana na skripti. Osha vikombe hivi. Kimoja kimoja, vitakate. Mimi nitakusema, nitakusema vibaya sana, wewe usinitazame. Osha tu."

Kamera zikawashwa. Akaanza kumsema, maneno ya kuchoma, nasi tumezoea. Binti anaosha. Kikombe cha kwanza, cha pili. Cha nne akakigeuza, akakitazama ndani, akasema polepole, neno ambalo halikuandikwa popote, "Umemaliza, mama?" Hakukuwa na hata chozi moja. Yule aliyeshika taa alikuwa anajifuta macho kwa bega.

Mwongozaji akaokota kofia yake, akaikung'uta, akamgeukia Mama Nongwa. "Kesho uje saa moja kabla ya wenzako," akamwambia. "Utakaa hapa." Akaonyesha kiti chake mwenyewe. Hasira alikuwa nazo, lakini choyo hakuwa nacho. Alimfundisha lenzi, alimfundisha pa kusimama.

Mama Nongwa wakati huo alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alianza kuchora picha za kila tukio nyuma ya kurasa za kalenda, vichwa kama viazi, mikono kama vijiti. Siku yake ya kwanza kuongoza alisahau kusema "kata." Waigizaji wakaendelea. Maneno yakawaishia, wakaanza kutunga yao, na yule aliyekuwa mezani akala sahani nzima ya wali na kuomba maji. Mama Nongwa amekaa, mikono mashavuni, anatazama kwa raha kama yuko kwake sebuleni. Mpaka mpiga picha akamgusa bega. "Mama, tunaendelea hadi lini?"

Tamthilia ilipofika mwisho walimuua mama mkwe kwa ugonjwa wa moyo. Asubuhi yake jirani alikuja kumpa mume wake mkono wa pole, marehemu mwenyewe akiwa uani anaanika shuka.

Baada ya hapo kila aliyemwita alimtaka awe mama mkwe mwingine. Akakataa. Akakaa mezani miezi minne akaandika filamu yake: mshonaji mzee, na binti yake aliyerudi kuishi naye baada ya miaka mingi ya kutosemezana. Akaipeleka kwa mkubwa mmoja anayetoa fedha za filamu, mwenye ofisi ya zulia. Nilimsindikiza.

"Nani anampiga nani?" mkubwa akauliza.

"Hakuna."

"Nani anamloga nani?"

"Hakuna anayeloga."

"Sasa inahusu nini?"

"Baba na binti yake wanajifunza upya kula meza moja."

Mkubwa akalifunga jalada taratibu, akatuuliza kama tumepata maji ya kunywa.

Tukiwa kwenye ngazi akaniambia, "Basi nitaitayarisha mwenyewe." Nilidhani ni hasira. Kumbe alishazungumza na mume wake tangu jana. Nyumba yao itakuwa seti, kitanda kitahamia kwa kijana wao, na fundi bomba atalala kwenye kochi mpaka tumalize. "Alisema nini?" nikamuuliza. "Alisema kochi ni zuri kwa mgongo."

Mshonaji alimwandika akimfikiria Mwalimu. Walikuwa hawajaonana muda. Tulipobisha hodi alitufungulia binti yake Mwalimu, mfamasia, mwanamke wa makamo aliyeonekana hajalala vizuri.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Ila niseme mapema, baba si yule wa zamani, kumbukumbu inampotea. Asubuhi yupo. Mchana anaondoka, na mimi sijui anakokwenda."

Mwalimu alikuwa amekaa dirishani, shati limepigwa pasi sawasawa ila vifungo vimepandana. Akamtazama Mama Nongwa kitambo. "Binti wa mapokezi," akasema. "Nimeshatibiwa au bado?"

"Umeshatibiwa, Mwalimu. Nimekuja kukuomba kazi."

Uso ukafunguka. Kazi alikuwa anaijua. Lakini binti yake alituvuta jikoni, akafunga mlango. "Mama, nakuheshimu, lakini hapana. Ataaibika. Watu wanamkumbuka akiwa mzima."

"Siku atakayoaibika nitaacha."

"Na nani ataijua siku hiyo? Wewe utakuwa unatazama filamu yako."

Mama Nongwa akasogeza bakuli lililokuwa mezani, akalirudisha. "Wewe ndiye utakayeijua. Utakaa kiti cha pembeni yangu. Ukisema kata, nimekata. Sitakuuliza sababu."

Tulirekodi asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano, siku ishirini na sita. Siku ya kwanza Mwalimu alikuwa na maneno ya ukurasa mzima. Akaanza vizuri, akafika katikati, akasimama. Macho yake yakawa kama ya mtu aliyeingia nyumba siyo. Mama Nongwa, mwanafunzi wake, angeweza kumtajia neno. Hakumtajia. Aliingia mbele ya kamera, akampa shati. "Mwalimu, kifungo kimedondoka."

Akalipokea. Akaomba sindano. Zamani, kikundi kikiwa hakina kitu, yeye ndiye aliyetushonea mavazi ya jukwaani. Vidole vikatunga uzi mara moja, na vidole vilipoanza kwenda maneno nayo yakaja, si yale ya ukurasa, yake mwenyewe: jinsi kola inavyoharibika kabla ya shati, na kwa nini mtu asishone akiwa amemkasirikia mwenye nguo. Mama Nongwa alirudi kitini kwa kunyata. Jioni ile alizitoa kurasa kumi na saba kwenye skripti. Kuanzia hapo hakumpa maneno, alimpa kazi: chaki, pasi, tepu ya kupimia. Mimi nilihamia chini ya meza na maiki yangu, maana alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, kama anaiambia nguo.

Mfamasia alisema "kata" mara moja tu. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Mwalimu alikuwa anakunja kitambaa, ghafla akaita jina la mke wake, aliyefariki zamani. Akaita tena, akageukia mlango. Akaanza kumweleza kwamba amechelewa, chakula kimepoa.

"Kata," binti yake akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Kata," Mama Nongwa akasema juu yake. Taa zikazimwa. Binti akaenda kumkumbatia baba yake, wakakaa hivyo.

Mpiga picha alimfuata Mama Nongwa kwenye korido. Nilikuwa nazungusha nyaya. "Mama, ile ndiyo roho ya filamu. Nimekaa kwenye kazi hii miaka ishirini, sijawahi kupata uso kama ule."

"Najua. Nimeuona."

"Basi?"

"Futa."

"Mama..."

"Alikuwa anazungumza na mke wake. Haikuwa yetu. Futa, nikiona."

Akafuta, naye amesimama pale anatazama. Kisha akanigeukia, nami nikafuta sauti. Sitasema haikuniuma. Yeye aliingia bafuni, akafungulia maji kwa muda mrefu.

Tuliionyesha kwenye ukumbi wa shule, viti mia moja na ishirini. Mwalimu alikaa katikati ya binti yake na Mama Nongwa, amevaa koti. Katikati ya filamu akainama, akauliza kwa sauti iliyofika hadi nyuma, "Huyu mzee anaijua kazi. Ni nani?"

"Ni mwalimu wangu," Mama Nongwa akamjibu.

"Mwambie asikimbilie mlango. Anatoka haraka mno."

"Nitamwambia."

Haikuvuma sana. Ilizunguka kumbi chache, ikaonyeshwa televisheni alasiri moja ya Jumapili. Barua zilikuja, si nyingi, karibu zote za watu wanaowauguza wazazi wao. Mama Nongwa alizijibu kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Mwalimu aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa zaidi. Kila Alhamisi Mama Nongwa alikwenda kumtembelea. Mwishoni alikuwa hamtambui tena, alidhani ni mwanafunzi mpya aliyetumwa na redio. Basi akamfundisha upya tangu mwanzo: simama wima, usimeze mwisho wa neno, msikilize mwenzio hata kama unajua atakachosema. Naye, mwanamke wa miaka sitini aliyeogopwa na nchi nzima, alisimama katikati ya chumba kile, mikono ubavuni, anarudia mazoezi. "Tena," Mwalimu anasema. "Ndiyo, Mwalimu." Niliwahi kumuuliza kama haikumuumiza. Akasema baadhi ya mambo alikuwa hajawahi kuyasikia, maana mara ya kwanza yeye mwenyewe alikuwa na haraka sana.

Sasa yuko kwenye filamu ya pili, wanawake wawili wenye karakana ya viatu. Magoti yanamsumbua, anaongoza akiwa amekalia kreti la soda lenye mto. Juzi kanipigia. Anataka sauti ya mvua juu ya bati, mvua yenyewe, si ya kwenye maktaba ya kompyuta. Nikamwambia haijanyesha wiki tatu.

"Sawa," akasema. "Tutaisubiri."

Nimeshaazima bati kwa jirani. Limelala uani, kuku wanalipitia juu.