Wakwe Waliolala kwa Jirani

Hadi leo nikiwaona akina mama wa jumuiya yetu sokoni najifanya naongea na simu, lakini acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine (wanaongeza chumvi hao). Mnajua nina gesti hapa Sumbawanga, na niliitengenezea tovuti, ukurasa wa mbele nikaweka video ndefu ya uzinduzi, mimi na suti nakata utepe, na mapicha makubwa ya kila chumba. Binti yangu Neema alinionya, "Baba, inachelewa mno kufunguka, itoe hiyo video," nikamjibu anayetaka kitu kizuri atasubiri.

Basi wakwe watarajiwa wa huyo huyo Neema wakawa wanakuja kutoka Mpanda kujitambulisha, na mshenga wao, ambaye hatujawahi kuonana, akanipigia kuuliza gesti iko wapi, nami badala ya kumwelekeza kama mtu mzima nikajivuna, "Tafuteni mtandaoni, mtaniona wa kwanza!" Nikachinja mbuzi, akina mama wakajipanga barabarani na vigelegele, baridi inatuchapa, mara kosta ikatokea, ikapunguza mwendo, wakatupungia mikono (walidhani tuna harusi yetu), ikapita, ikakata kona moja kwa moja getini kwa jirani yangu Festo, mwenye gesti isiyo hata na vigae!

Nikaikimbilia na suti yangu, akina mama wote nyuma, nikafika nahema na wageni wameshapewa funguo, nikajitambulisha.

"Shikamoo mzee, kumbe upo?" mshenga akasema mbele ya umati. "Tulipofika Chala, hapo njiani, tulikutafuta, akatokea huyu kwanza, wewe uko chini kabisa. Tukabonyeza kwako, ukurasa mweupe, kiduara kinazunguka tu. Tukapiga simu, hupokei. Tukajua umefunga biashara."

(Simu ningeisikiaje na vile vigelegele?)

Festo naye, kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Karibu chai, Baba Neema."

Neema alivua kitenge kipya alichojifunga, akakikunja, akarudi nyumbani peke yake.

Aliyenitengenezea tovuti ndiye aliyenifumbua macho baadaye, kwamba ukurasa ukichelewa watu wanarudi nyuma kufungua wa mwingine, na huo mtandao wa kutafutia unaona, unakushusha chini. Kumbe hata madereva wa malori yaendayo mpakani Kasesya walikuwa wananikimbia hivyo hivyo, na mimi nilishaanza kunong'ona kwamba Festo ana dawa.

Video nimeitoa, picha nimezipunguza, sasa ukigusa tu umefungua. Harusi ilipokaribia nikampigia mshenga mwenyewe, nikamtajia kila kona, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Asante mzee," akasema, "ila watu wetu wameshazoea kule."

Mteja hasubiri, jamani. Sitamfanya tena mtu anisubiri, awe mkwe au mpita njia, ingawa kwa wakwe nimechelewa.