Zimwi la Ghorofa ya Tano

Watu wakimsifu binti yangu kwamba ni mtulivu, huwa nabadilisha mazungumzo. "Mashaallah, mtoto ana adabu huyu, hata hatembei kwa kishindo," wananiambia kwenye harusi na hitima, nami naitikia haraka haraka kisha naulizia chai. Adabu ile naijua ilikotoka. Niliitengeneza mwenyewe, msimu mmoja wa baridi, ndani ya nyumba ya vyumba viwili kule Downsview, Toronto. Tulihama jengo lile zamani, binti sasa ni msichana mkubwa na anasema hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka, na sijawahi kujisamehe sawasawa.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, kabla watu hawajaanza kuwatuliza watoto kwa simu. Binti alikuwa na miaka mitatu, mdogo wake ana miezi minane na ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kupinduka. Mume wangu alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala la jirani, anatoka alfajiri, anarudi jioni, na katikati tunabaki sisi watatu na kuta. Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla ya kuja Toronto, baridi kali niliyoijua ni ya Lushoto, na huko nilikaa siku mbili tu nikalalamika zote mbili.

Mwanzoni nilijaribu kutoka nao, kama walivyofanya majirani Wazungu waliokuwa wakisukuma vichanga vyao kwenye theluji bila wasiwasi wowote. Suruali ya ndani, suruali ya nje, soksi mbili mbili, buti, koti, kofia, glovu ambazo kidole gumba hakikubali kuingia mahali pake. Nikimaliza kumvisha wa pili, wa kwanza anasema anataka kukojoa. Siku moja tulifanikiwa kufika kwenye lifti, mdogo akatapika ndani ya koti lake, tukageuza. Nikaapa hatutoki tena mpaka nione majani mtini.

Basi ikabidi mimi ndiye niwe mtaa, shule na uwanja wa michezo. Na niseme kweli, wiki za mwanzo nilikuwa hodari. Nilitandaza unga kwenye sinia, binti akachora kwa kidole, nikamfundisha na namba. Nilitia maharage kwenye chupa ya plastiki nikakaza kifuniko, mdogo akapata kayamba lake. Nilifunga kanga baina ya viti viwili ikawa hema. Baba yao akirudi na boksi tupu kutoka ghalani, boksi hilo lilikuwa basi asubuhi na duka mchana. Theluji niliichota kwenye roshani kwa beseni nikawawekea katikati ya sebule, wakaipakua kwa vikombe mpaka ikawa maji, na maji yakawa mafuriko, na mimi nikawa napiga deki huku nacheka.

Lakini mchezo uliowashinda wenzake wote ulikuwa wa binti na mwiko. Alikaa kitako kwenye sakafu ya mbao, akapindua sufuria, akapiga. Sufuria kidogo, sakafu sana. Mara mbili, ananyamaza, mara tatu. Nadhani mdundo huo aliuokota kwenye kanda za harusi nilizokuwa nikizisikiliza nikipika. Mdogo wake alikuwa akitikisa mwili mzima kwa furaha mpaka anaanguka ubavu.

Asubuhi moja ya Desemba, kama saa nne, alipiga vile, na kutoka chini kikaja kishindo, kama cha mtu anayegonga dari lake kwa mpini wa fagio. Hata mwaka hatujamaliza katika jengo lile, makaratasi yetu ya ukaazi yako mezani kwa watu tusiowajua, na mimi wakati huo nilimwogopa kila mwenye uwezo wa kuandika barua. Nikamnyang'anya mwiko.

"Mama, anacheza na mimi," mtoto akasema.

"Anatukasirikia. Nyamaza."

"Hapana, anacheza. Sikiliza."

Sikusikiliza. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonirudia nikiwa nakosha vyombo au nasubiri basi. Mtoto wa miaka mitatu aliniambia ukweli kwa Kiswahili safi, na mimi niliyesoma mpaka kidato cha sita nikamwambia anyamaze.

Kwetu ukimkosea jirani huna haja ya kumwuliza mtu la kufanya. Unapika kitu, unakifunika, unajitanda mtandio, unakwenda kupiga hodi, unaketi, unaomba radhi. Naye anasema hamna neno, siku mbili baadaye anakurudishia sahani ikiwa na kitu, na yameisha. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Mchana ule ule nikaumua unga wa mchele, nikapika vitumbua, nikavipanga kwenye sahani yangu nzuri. Mtandio uko mabegani tayari, simu ikalia. Alikuwa shoga yangu wa Markham, aliyenitangulia Kanada kwa miaka tisa, na kwa hiyo alikuwa anajua kila kitu.

"Unakwenda wapi na vitumbua?" akaniuliza nilipomweleza. "Shoga, hapa si Tanga. Huendi kwa mtu bila appointment. Mzungu ukimgongea mlango hujui atapiga simu wapi. Atasema watoto wako hawana discipline, kesho unaletewa watu wa ustawi wa jamii. Wewe wanyamazishe watoto tu, basi."

"Hata kumwambia sorry?"

"Ukisema sorry umeshakubali kosa. Kaa ndani, mwaya."

Nikakaa ndani. Vitumbua tukavila wenyewe, vikanikaba. Natamani ningeweza kusema kosa ni la shoga yangu, ila yeye alizungumza dakika tano tu. Miezi minne iliyofuata ilikuwa yangu mwenyewe, na kutoka mlango wangu mpaka wa yule jirani ilikuwa ni kushuka ngazi za ghorofa moja.

Nikatandika zulia, na juu ya zulia godoro. Nikawavisha soksi nene. Nikabuni mchezo wa kunyata, atakayesikika ametolewa, na binti alikuwa akitolewa kila mara kwa makusudi. Nikigeuka jikoni tu, nasikia mwiko umepata mahali ambapo godoro halikufika. Mara mbili, mara tatu. Na chini wanajibu, mara mbili, mara tatu, na yeye anacheka mpaka anashika tumbo. Kwenye masikio yangu lile lilikuwa onyo, na kila lilipokuja mapema zaidi nilijua jirani amezidi kukasirika.

Januari ikapenyezwa karatasi chini ya mlango. Ofisi ya jengo ilikuwa inawakumbusha wapangaji wote wapunguze kelele. Wapangaji wote, iliandikwa hivyo kabisa kwa herufi nene, lakini mimi nilisoma kama imeandikwa jina langu. Nimesimama nayo mkononi, na nyuma yangu mwiko ukalia.

Nikamshika mtoto mabega, nikachuchumaa mbele yake.

"Unajua nani anagonga kule chini?"

Akatikisa kichwa, bado anatabasamu.

"Zimwi. Zimwi la ghorofa ya tano. Linakula watoto wanaopiga kelele. Likigonga leo, linapanda lifti linakuja."

Hata sijamaliza, chini pakagongwa. Mara mbili, kimya, mara tatu.

Sijapata kuona uso wa mtoto ukibadilika namna ile. Hakulia. Aliniparamia mpaka shingoni, akanishika kwa kucha. Kwetu karibu kila mtoto ametishiwa zimwi, nami nilitishiwa, lakini zimwi letu lilikaa msituni na wala hatukuwahi kulisikia likigonga. Hili nililompa mwanangu lilikuwa na anwani. Na nilichohisi mimi wakati ule, Mungu anisamehe, ni nafuu.

Nyumba ikatulia. Asubuhi za mwanzo chini paliendelea kugongwa, taratibu, kama mtu anayeuliza kitu. Binti alikuwa akiingia chini ya meza, anamvuta na mdogo wake, anamziba mdomo kwa kiganja. Baada ya wiki mbili hivi hapakugongwa tena, nikajipongeza. Niliwasha televisheni, sauti chini, wakakaa mbele yake Januari iliyobaki, Februari na Machi. Sinia la unga likarudi kabatini. Mdogo alijifunza kutembea juu ya godoro, hivyo siku alipokanyaga sakafu yenyewe alisimama akaangalia miguu yake kwa mshangao.

"Nyumba imekuwa kama msikiti khatibu akiwa kwenye mimbari," mume wangu akasema siku moja akila, akimtazama binti. "Huyu mama mdogo anaumwa?"

"Ameshika adabu," nikamjibu.

Akaridhika, akaongeza wali.

Aprili theluji ilibaki vichuguu vyeusi kwenye maegesho. Jumamosi moja niliwaacha watoto na baba yao nikashuka na kapu la nguo kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mfupi, sweta lake limetiwa viraka kwenye viwiko, anakunja taulo. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito ya kwao, sijui wapi huko Ulaya. Akanitazama, akaniuliza nakaa ghorofa ya ngapi. Nikamwambia ya sita, na upande upi.

"Wewe ndiye wa juu yangu? Mwenye watoto?"

Nikaanza kumwaga radhi zote nilizokuwa nimezibana tangu Desemba. Samahani mama, watoto wadogo, baridi, tutajitahidi. Akanikatiza kwa mkono.

"Hajambo yule mdogo? Nilidhani anaumwa."

"Mdogo yupi?"

"Anayepiga ngoma. Tulikuwa tunapiga pamoja kila asubuhi. Yeye mbili na tatu, na mimi mbili na tatu, kwa fagio langu. Halafu akaacha. Nikamgongea, nikamgongea. Nikasema labda wamehama, lakini maji ya bafuni nayasikia." Akakunja taulo nyingine. "Mimi kwenye barafu siwezi kutoka, miguu hainiruhusu. Basi nilikuwa naamka nasubiri saa nne ifike."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekueleza ratiba ya basi. Nikamjibu kwamba binti ni mzima wa afya, amekua tu, siku hizi anapenda katuni. Kiingereza kile kilichonipitisha mitihani yote hakikunipa sentensi nyingine.

Sikupanda lifti. Nilikaa kwenye ngazi na kapu la nguo mapajani nikalia. Nililia kwa aibu kwanza, halafu kwa hasira. Bibi wa watu amekaa peke yake baridi nzima, amepata rafiki mmoja, nami nimemnyang'anya. Na mwanangu, aliyekuwa amejitafutia mwenyewe mchezo mzuri kuliko yote niliyombunia, nimemfanya amwogope aliyecheza naye. Kabla sijamaliza kulia nikawa nimeshapanga: nitapika, nitamchukua mtoto, atamwona kwa macho yake kwamba ni bibi tu, na yataisha. Kwetu huisha hivyo.

Jumatatu nikapika vitumbua tena. Mdogo nikambeba mgongoni kwa kanga, binti nikamshika mkono, sahani mkono wa pili. Nilimwambia tunakwenda kumwamkia bibi mmoja mzuri sana. Sikumwambia bibi gani. Lakini namba tano alikuwa anaijua, nilimfundisha mwenyewe, na ilipowaka kwenye lifti nikahisi vidole vyake vinakaza. Nikaendelea kutembea. Labda nilipaswa kugeuka pale. Nilikuwa na haraka ya kusamehewa.

Bibi alifungua, akatuona, akainua mikono yote miwili. Alicheka mpaka macho yakafumba. Kisha akainama sawa na kimo cha mtoto, na ili ajue kwamba ni yeye, rafiki yake, akagonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole. Mara mbili, kimya, mara tatu.

Mwanangu alipiga ukelele ambao sijausikia tena mpaka leo.

"Sijapiga kelele! Mama, mwambie sijapiga kelele! Mwambie zimwi sijapiga!"

Mkojo ulimtiririka mpaka kwenye zulia la korido. Mgongoni mdogo naye akaanza. Bibi alirudi nyuma hatua moja, mkono wake bado uko kwenye fremu, ananitazama.

"Anasema nini?"

"Anaona aibu," nikasema. "Hajazoea watu."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, maskini. Akapokea sahani kwa mikono miwili, akavinusa vitumbua, akasifu. Alitaka kuleta kitambaa afute sakafu, nikamzuia nikafuta mwenyewe kwa mtandio wangu. Tulipokuwa tunaondoka akasema, kwa sauti ya chini ili asimtishe zaidi, "Mwambie agonge wakati wowote. Mimi nipo tu." Nikamwahidi nitamwambia.

Kesho yake saa nne asubuhi, chini pakagongwa. Mara mbili, kimya, mara tatu. Binti akakimbilia chini ya meza, nami nikatambaa nikaingia naye, nikamvutia kifuani. Bibi akangoja kidogo, akagonga tena. Nilitaka kumjibu, wallahi, mwiko ulikuwa hatua mbili tu kutoka pale, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeziba masikio ya mwanangu.