Siku ya Kumwita Mama

Katani ikilowa mvua hutoa harufu ya majani yaliyochacha, na ukishaizoea utotoni haikuachi. Juzi lori lilisimama mbele ya chumba nilichopanga hapa Mikumi, kamba zake za katani zikichuruzika maji, nikajikuta nimerudi Kilosa, uani kwetu, da Mwanaidi akisokota uzi pajani.

Baba alikuwa kibarua wa shamba la mkonge mpaka lilipofungwa, akatuachia nyumba na robota la katani. Dada alikuwa sekondari. Mimi nilikuwa bado naota meno ya mbele. Alitengeneza tiara kwa mifuko ya nailoni na vijiti vya mwanzi, na sharti lake lilikuwa moja tu: "Usimwambie mama mpaka iruke."

Tulijificha kando ya mto Mkondoa. Tiara ya kwanza ikatumbukia kwenye mpunga wa jirani, nyingine ikachanwa na miiba. Mama, aliyekuwa ametutuma matembele, alipaza sauti kutoka jikoni: "Mwanaidi! Hiyo mboga unachuma au unaiotesha?"

"Nakuja, mama!" dada aliitikia, huku akilamba kidole na kukiinua kupima upepo. Nami nilivimba kwa raha ya kujua jambo ambalo mama halijui.

Siku tiara ilipokubali kupaa, dada hakuitazama hata kidogo. Alinikabidhi uzi, akatimua mbio nyumbani kumwita mama. Mama akaja na unga mikononi, akinung'unika kwamba ugali utaungua, akaushika uzi.

"He! Inavuta kama mbuzi anayekataa kamba!" Alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Uzi ulibaki mweupe kwa unga. "Siku nyingine niiteni nikiwa nimenawa," alisema.

Dada alisoma sana. Akapelekwa nje kusomea uhandisi wa ndege, akarudi, akaingia jeshini, na miaka ilivyokwenda akawa mkuu wa sayansi na teknolojia ya ulinzi serikalini. Cheo tulikijua, kilichomo ndani yake hatukukijua. Akija likizo aliacha simu kwa dereva, akala matembele yake, na mama akimuuliza anatengeneza nini hasa huko, alijibu, "Kazi za serikali, mama," kisha akageukia habari za mpunga.

Mimi ni mtu wa kuhamahama, leo Dumila, kesho Ifakara, lakini kila nilichouza mama alikijua. Kwa dada alibaki mlangoni.

"Ananiona sijasoma," aliniambia mara moja, akichambua mchele. "Anadhani sitaelewa."

Mwaka jana mama aliugua, nikamleta kwangu. Jioni moja aliuliza tena: "Mwenzio anafanya nini huko? Niambie wewe, nisije nikafa sijui."

Sikujua. Nikamwambia, "Mama, tiara yake bado haijaruka. Ikiruka atakuja mbio kukuita."

Akacheka kicheko kile cha kando ya mto, kikaishia kwenye kikohozi. "Basi safari hii nitanawa mapema."

Hakumaliza wiki. Tulimrudisha Kilosa, na dada alifika maiti imeshatoka. Alivua viatu, akaketi jamvini kati ya wanawake wa mtaa, wakubwa akawaamkia mmoja mmoja. Watu walipopungua akaniinamia.

"Aliuliza tena?"

Nikamweleza yote, hadi hayo ya kunawa. Alifunika uso kwa mtandio.

"Iliruka, mdogo wangu," alisema. "Iliruka zamani, na nyingine baada yake. Sikuruhusiwa kumwita."

Utotoni niliamini raha yote ilikuwa kwenye siri. Nimechelewa mno kuelewa kwa nini siku ile dada hakuitazama tiara yake angani. Muda wote ule wa kujificha, alichokuwa akikingojea ni kukimbia ile njia ya kurudi jikoni kwa mama.