Aliyepimwa ni Toyer

Aliyepimwa ni Toyer. Hilo Gasant hakulisahau mpaka uzeeni.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, jikoni kwake Salt River, saa ya koesista, maandazi ya shira. Mkewe Rugaya, fundi cherehani wa kiwandani, alikuwa amepiga magoti sakafuni, anazungusha futi kwenye paja la Toyer.

“Simama wima. Acha kujivuna.”

“Sijivuni, shemeji. Ndivyo nilivyoumbwa.”

“Vuta tumbo.”

“Nikivuta zaidi utapima uti wa mgongo.”

Rugaya akacheka na pini zake mdomoni. Gasant alikuwa mezani, koesista inamdondoshea shira vidoleni. Aliirudisha sahanini kabla ya kuimaliza.

Toyer alikuwa mjenzi wa matofali, kapera, mwimbaji wa kwaya ya mwaka mpya. Mabega alikuwa nayo. Gasant yeye alipiga plasta. Jumapili walikwea miamba ya mlimani pamoja na wenzao wa mtaani. Chama cha Wazungu cha wapanda milima kilikuwa na mikanda ya kukwelea ya dukani, ya kutoka ng'ambo. Wao walijifunga kamba kiunoni, basi.

Mwaka uliotangulia Gasant aliteleza. Kamba ilimdaka, lakini ilimbana mbavu mpaka zikawa nyeusi. Wiki tatu Rugaya alimkanda kwa mafuta. Kisha akaja na mikanda ya viti vya magari mabovu. Akasema ataunganisha kiuno na mapaja, mtu akianguka akae kama kitini.

“Mimi sivai nepi,” alisema Gasant. “Kamba ya kiuno ilimtosha baba.”

“Baba yako alikuwa na kilo hamsini.”

Rugaya hakubishana zaidi; Toyer alikubali kushonewa. Sasa ndiyo hiyo futi, kwenye paja la mwanamume mwingine.

Mkanda ulipokwisha kushonwa, Toyer alikuja jioni tatu kufundishwa kujifunga. Gasant alikaa kando akifungua redio yake kwa bisibisi.

“Unapiga kwanza fundo la umbo la nane,” Rugaya alisema. “Ncha ya kamba ipite kitanzi cha chini, cha mapaja. Kisha cha juu, cha kiuno. Vyote viwili. Halafu ncha irudi ikilifuata fundo kule kule lilikopita, mpaka mwisho. Chini, juu, ndipo ufunge. Sema.”

“Chini, juu, ndipo ufunge.”

“Ukishika cha chini peke yake utaning'inia kichwa chini kama popo.”

Redio haikuwa na kasoro yoyote. Gasant alisikia kila neno.

Jumapili iliyofuata, chini ya mwamba, kila mtu alitaka kuugusa mkanda. Safu saba za uzi mwekundu, zimenyooka kama mistari ya daftari.

“Kaka Gasant, wako uko wapi?” aliuliza mmoja.

“Kitambaa kiliishia kwa Toyer,” mwingine alijibu. “Si unaona mapaja hayo?”

Walicheka sana. Gasant alikunjua kamba yake.

Toyer akapiga fundo la nane, akapitisha ncha kitanzi cha chini. Hapo wenzao wakamwomba wimbo. Toyer hakuwa mtu wa kunyimwa wimbo, akauimba mpaka mwisho, mikono hewani. Alipomaliza akaendelea kufunga huku bado anatabasamu.

Walikuwa na desturi. Anayemshikia mwenzake kamba hamwachi apande mpaka amelishika fundo lake kwa mkono, amelivuta. Hata ndugu wa tumbo moja walikaguana. Siku hiyo mshika kamba alikuwa Gasant. Aliutazama ule uzi mwekundu kiunoni kwa Toyer, na mkono wake ukakataa kwenda.

“Haya, panda,” alisema, akiangalia pembeni.

Toyer akapanda. Alipofika urefu wa watu wawili, Gasant aliinua macho. Kamba ilikuwa inatokea mapajani. Kiunoni hakukuwa na kitu.

Chini, juu, ndipo ufunge. Sauti ya Rugaya kabisa.

Akiongea, watajua alikuwa anasikiliza jioni zile zote. Akinyamaza na Toyer ateleze, watu watasema mishono ya Rugaya ndiyo iliyoua. Na si watu tu. Mwenyewe atajua ni mkono wa nani haukwenda.

“Toyer. Shuka.”

“Kaka, wivu hata mlimani?”

Wenzao wakaangua kicheko.

“Ninao,” alisema Gasant. “Shuka. Shuka kwa mikono na miguu, kamba usiiegemee.”

Kicheko kikakatika. Toyer alijitazama kiunoni. Alishuka taratibu kama mtu anayebeba mayai.

Gasant akapiga magoti mbele yake, kama Rugaya siku ile ya kupima. Akafungua fundo. Akapitisha chini, akapitisha juu, akalifuata fundo mpaka mwisho. Akalivuta kwa nguvu.

“Shemeji asijue,” Toyer alinong'ona.

“Nimwambie nini? Kwamba sikukukagua?”

Nyumbani Rugaya aliuliza, “Mkanda umeshikaje?”

“Umeshika.”

 Rugaya akafungua droo ya cherehani, akatoa mkanda mwingine, uzi ule ule mwekundu. Gasant aliuvaa. Ulimkaa kiunoni na mapajani kana kwamba amezaliwa nao.

“Ulinipima lini?”

“Nimelala kando yako miaka kumi na minne. Nikupime nini? Huo uko humo tangu mbavu zako. Nilingoja uache ubishi.”

“Na Toyer?”

“Yule simjui. Ndiyo maana nilihitaji futi.”

Gasant aliuvaa mpaka magoti yalipokataa mlima. Kisha ukatundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na cherehani ikaendelea, mpaka mwaka huu iliponyamaza.

Siku ya arobaini ya Rugaya, Toyer alikuja, mzee naye, na mfuko wa plastiki. Akautoa mkanda wake, akauweka mezani.

“Kaka, nadhani huu ni wako.”

Gasant aliugeuza chini ya taa. Akahesabu safu. Saba. Hakuna uzi uliokatika.

Ilimpasa kusema, kaa nao, ni ukumbusho wako. Alijua hivyo. Badala yake akainuka, akautundika nyuma ya mlango juu ya ule wake, akamkaribisha Toyer chai.