Kesi ya Tonton wa Ghorofa ya Tatu

Ilianza Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, wakati wa likizo. Tonton wa ghorofa ya tatu alibisha mlango wetu hapa Saint-Josse, ughaibuni. Ni mzee wa Kihindi, tunamwita Tonton, yaani mjomba, kwa heshima tu; mwanawe hushinda kazini. Kwao alikuwa mkaguzi wa shule za serikali, wakamfukuza. Ameishitaki serikali miaka mingi, na asubuhi hiyo majaji walikuwa wanaamua. Mahakama yao huonyeshwa hata kwenye simu.

"Ndugu yangu," alimwambia papa kwa Kifaransa, "sitaki kusikiliza peke yangu."

Papa alikuwa ananyoa ndevu. Asubuhi zetu ni za kimya: maman ameshatoka, na redio haiwashwi papa akiwa na wembe mkononi. Yeye alifukuzwa hivyo, Bukavu. Alikuwa ananyoa, akasikia redioni kwamba ofisi ya ardhi aliyoiongoza imepewa mtu mwingine. Aliyeniambia ni maman. Papa hajawahi kulisema jambo hilo, na mimi si mtu wa kuuliza. Tunaweza kukaa siku nzima, yeye jikoni, mimi chumbani, kama wapangaji.

"Muntu anafukuzwa, halafu anauliza serikali juu ya nini?" alininong'oneza kwenye ngazi. "Bon, twende tuone hiyo sinema."

Jikoni kwa Tonton, simu iliegemezwa kwenye sufuria. Tonton alitutafsiria. Jaji alimuuliza wakili wa serikali: kabla ya kumfukuza, nani alimsikiliza? Wakili alifungua makaratasi, akayafunga. Jaji akasema kufukuzwa huko kumefutwa.

Tonton alicheka huku anajifuta macho. "Nimeshapita umri wa kustaafu. Sasa wanirudishe wapi?"

"Hata kama," papa alisema. "Wameuliza."

Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akateremka bila kugusa chai tuliyomiminiwa. Jioni alikwenda mtaa wa Schuman kusafisha maofisi, shavu moja limenyolewa, la pili bado. Sikuthubutu kumwambia. Nilikula peke yangu, nikilifikiria lile shavu.

Kesho yake nilisikia maji bafuni. Nilisimama mlangoni.

"Papa, kama wangekuuliza, ungewajibu nini?"

Wembe ulisimama. Alinitazama kupitia kioo.

"Ni habari ya murefu, mutoto."

"Mi niko congé, papa, masomo hakuna."

Akafungua bomba, akasuuza wembe, akaufunga.

"Alors, leta kiti."

Nikaleta.